Ubao wa Mringaringa

KUHUSU: KUAZIMWA, KUPASUKA NA KUREJESHWA KWA UBAO MMOJA (1) WA MRINGARINGA, MALI YA KIVUKO CHA MFEREJI WA NNE.

Ndivyo lilivyosomeka jalada la faili, kwa mwandiko wa karani aliyejipenda, kila herufi imesimama kama askari na mstari umepigwa chini yake mara mbili kwa rula. Nilipokuwa mtoto sikujua kwamba ubao unaweza kuwa na faili. Nilijua wezi wana faili, na watu wanaochelewesha kodi. Lakini ubao ule wa mti wa mringaringa, tuliokuwa tukiupanda kila siku kwa miguu yenye matope! Ningejua una heshima hiyo ningekuwa nauamkia shikamoo kabla ya kuvuka.

Kwetu ni juu ya njia inayopanda kutoka Himo, upande ule ambao mlima huonekana alfajiri tu kisha hujifunika kama mwali. Tulikuwa na kihamba cha migomba na kahawa, na katikati ya vihamba vyote ulipita mfongo. Serikali iliuita mfereji, ikaupa namba nne, nasi hatukupinga, kwa sababu serikali ya Mwingereza ilikuwa ikipenda namba kama mtoto anavyopenda sukari. Ila maji yalikuwa ni ya mfongo, na mfongo ulikuwa na jina la babu aliyeuchimba, na ulikuwa na mzee wake wa kuutunza. Enzi zangu alikuwa Mzee Ndekirwa. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji, yeye ndiye aliyepiga baragumu la msaragambo, watu wote watoke na majembe kuuzibua. Alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo mapema, ili nisije nikasahau mbele ya safari.

Mfongo ulikuwa na miiko. Usitupe mfupa ndani yake. Usichote kwa chungu chenye masizi. Na ule mwiko mkubwa, ambao Bibi alitutajia akimenya ndizi za mtori, na sauti yake ikishuka kidogo: msichana aliyevunja ungo, akiwa katika siku zake, asikanyage maji ya mfongo. Apite juu ya ubao, tena asitazame chini. Akikanyaga, maji yataona haya, yatageuka yarudi mlimani.

"Yatageukaje, Bibi?" niliuliza. "Yatapanda?"

"Wewe yaulize."

Mwiko tuliujua wote, hata mimi wa miaka tisa. Tusichokijua ni hizo siku zake ni siku gani, zinakujaje, na msichana anajuaje kwamba zimefika. Hapo Bibi alifunga mdomo, na sababu yake ilikuwa ya kikanisa.

Zamani, kabla ya misheni kutia mizizi, Bibi yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliowafundisha wasichana. Binti akivunja ungo alikaa ndani siku kadhaa, akalishwa maziwa na mafuta, na wale kinamama wakamweleza mwili wake kipande kwa kipande, kwa nyimbo na mafumbo, mpaka akatoka nje anajijua. Halafu Babu akabatizwa. Padri akasema mafundisho yale ni ya shetani, na Bibi, ili apate ubatizo naye, akaapa mbele ya msalaba kwamba hatafundisha tena. Alikuwa mtu wa kiapo. Kwa hiyo kwetu yalibaki makatazo. Maelezo yalizikwa pamoja na upagani. Sijawahi kuona biashara mbaya kama hiyo: mtu akunyang'anye taa, akuachie onyo kwamba mbele kuna shimo.

Dada yangu Anjela alikuwa na miaka kumi na minne mwaka huo. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni ya masista. Kwetu msichana kufaulu lilikuwa jambo la watu kuja kutazama, kama ndama wa vichwa viwili. Baba alikuwa ameshanunua sanduku la bati, na fundi rangi wa sokoni akaandika ubavuni ANJELA kwa rangi nyeupe, herufi ya mwisho ikabanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Sanduku lilikaa chumbani kwetu. Usiku Anjela alilala mkono mmoja ukining'inia juu yake. Alikuwa anasubiri Januari.

Jumatatu moja ya mwisho wa kiangazi tulitumwa chini kukata majani ya ng'ombe. Tulipokuwa tunajitwisha mizigo ya kurudi, niliona damu ikishuka mguuni mwake.

"Dada, umejikata na mundu."

Alitua mzigo, akajitazama. Alitafuta kidonda. Alitafuta kwa makini, kama mtu anayetafuta sindano, na nilimwona uso wake unavyobadilika kadiri asivyokiona.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Utakufa?"

"Sijui. Twende."

Tulipanda haraka. Tulipofika kivukoni, ubao haukuwepo. Palikuwa na alama mbili tu za matope, huku na ng'ambo, pale ulipokuwa ukilalia miaka yote. Jua lilikuwa linazama, ng'ombe walikuwa wanalia njaa, na kivuko kingine kilikuwa mbali, kwenye mpaka wa vihamba vya watu wengine. Anjela aliingia majini. Alipofika katikati alisimama, akatua majani ng'ambo, akainama, akajiosha miguu. Mtu akiwa na damu na mbele yake kuna maji, anafanya nini? Hakufikiria mwiko. Mwiko ulihusu wasichana waliokua, wenye siku zao. Yeye alikuwa na ugonjwa.

Jioni ile ile alimwendea Mama jikoni.

"Mama, mtu akitoka damu bila kidonda, huo ni ugonjwa gani?"

Mama aliacha kukoroga. "Kamuulize bibi yako."

Akaenda kwa Bibi. Nami nyuma kama mkia.

"Bibi, kuna msichana shuleni anatoka damu bila kidonda."

Bibi alimtazama sana. Kisha akautazama msalaba ukutani, akamtazama tena Anjela. Mimi nilidhani anasali.

"Sista wa shuleni hajawaambia?"

"Sista alisema msichana mwema hujifunika, na husali kwa Mama Maria."

"Alisema hivyo tu?"

"Na tusikimbie na wavulana."

Bibi alinyanyuka, akafungua kasha lake, akatoa kipande cha kaniki safi, kilichopigwa pindo. Akakikunja mara tatu, akamwekea mkononi. "Mpelekee huyo msichana," alisema. "Mwambie hafi."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote ya dada yangu. Maneno mawili, na kitambaa.

Jumanne asubuhi mfongo ulikuwa mkavu.

Asiyekulia kwetu hawezi kujua ukimya ule ulivyo. Maji ya mfongo huyasikii mpaka yakatike, ndipo ghafla unasikia kila kitu kingine: kuku, jembe la jirani, mtoto akikohoa ng'ambo. Ilikuwa kiangazi, miche ya kahawa ilikuwa michanga. Na ilikuwapo desturi, ninaomba msomaji aishike hapa: maji yakikatika, wanaume hupanda. Hufuata mfongo hatua kwa hatua hadi mdomo wake mtoni, juu kule mpakani mwa msitu, watazame kama gogo limeziba au ukingo umebomoka. Ni mwendo wa nusu siku. Kabla ya kupanda, Mzee Ndekirwa alikuwa akipita kwanza nyumba kwa nyumba kukusanya watu, na kuuliza kama kuna aliyekosea mwiko. Swali hilo la pili lilikuwa adabu tu, kama kuuliza habari za nyumbani. Hakuna aliyewahi kulijibu.

Alifika kwetu na wazee wawili. Baba akawatolea pombe ya mbege. Wakaulizana hali za ng'ombe na za migomba.

"Mama Anjela," Mzee Ndekirwa akasema, akijifuta midomo, "nyumba hii ina wasichana wangapi?"

"Wawili, mzee. Lakini huyu mmoja bado ana makamasi."

Wazee wakacheka. Huyo mmoja nilikuwa mimi, na makamasi sikuwa nayo. Shuleni nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwa kila swali, hata la darasa la mbele, na mwalimu alikuwa akinisifu kwa hilo. Sikuona kwa nini nisisifiwe na hapa.

"Mimi namjua aliyekanyaga," nikasema.

Mama alinishika bega. Nilijinasua.

"Dada Anjela. Jana. Alikuwa na damu, akaosha miguu katikati."

Nakumbuka nilisubiri wanisifu. Baba aliweka kata ya mbege chini polepole, kana kwamba ni yai.

Anjela aliitwa. Alisimama uani, kaniki ya Bibi ikiwa imefungwa chini ya gauni, na hapo ndipo alipoambiwa, mbele ya wanaume wanne, kwamba amevunja ungo. Wengine huambiwa na mama zao.

"Ubao haukuwepo," alisema.

"Ni kweli," Baba akadakia. "Nimepita asubuhi, ubao haupo. Angepita wapi, mzee?"

"Angerudi."

"Arudi wapi?"

"Alikotoka."

"Na ubao nani kaondoa?"

"Wezi wa kuni. Hilo tutaliangalia kesho," alisema Mzee Ndekirwa kwa upole wake. Kisha akawageukia wenzake. "Basi, wanaume hakuna haja ya kupanda. Jibu tumelipata hapa."

Hawakupanda. Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi. Katika historia yote ya mfongo ule, hiyo ndiyo siku pekee ambayo wanaume hawakupanda kwenda kutazama, na hawakupanda kwa sababu mtoto wa miaka tisa alijua jibu.

Iliamuliwa mbuzi achinjwe pale kivukoni, na majani ya masale yafungwe ukingoni, kuyaomba maji radhi. Alhamisi asubuhi Baba alitoa mbuzi. Anjela alisimamishwa ng'ambo, amepewa jani la sale alishike kwa mikono miwili. Mimi nilifukuzwa nikachungulia. Adhuhuri, damu ya mbuzi haijakauka vizuri, maji yakaja. Yalianza kama ulimi mwembamba wa matope, yakapapasa, kisha yakajaa. Wanaume walipiga vigelegele kama wanawake. Mzee Ndekirwa alilia machozi. Na mimi nilifurahi kupita wote, kwa kuwa nilijua ni mimi niliyeyarudisha.

Ijumaa ubao ulionekana mahali pake, umepasuka ncha moja. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili katekista alihubiri habari za ndama wa dhahabu, lakini macho yake yalikuwa kwa Baba. Masista walitaka kila msichana afike na barua ya mwenendo mwema kutoka kwa katekista wa kwao. Baba alimwendea. Alirudi bila barua.

"Amesema nini?" Mama aliuliza.

"Amesema hawezi kutia saini kwa ajili ya msichana aliyechinjiwa mbuzi wa kipagani."

"Si tulilazimishwa?"

"Nimemwambia. Amesema mashahidi wa dini nao walilazimishwa, wakakubali kufa."

Hivyo dada yangu aliadhibiwa na wazee kwa kuvunja mila, na kanisa likamwadhibu kwa kuitii, na kila upande ulikuwa na haki yake safi kabisa. Nimesoma vitabu vingi vya sheria tangu hapo. Bado sijaona kesi iliyokamilika hivyo, mshitakiwa akatwe huku na huku na makarani wote waende zao kula.

Bibi, aliposikia, alingoja jioni. Kisha akaingia chumbani kwetu, akanitoa nje, akafunga mlango. Alifanya hivyo jioni nne. Nilisikia nyimbo za chini chini, za Kichagga cha zamani ambacho sikukielewa, na mara moja nikasikia Anjela akicheka kwa pua. Jumamosi Bibi alikwenda kuungama kwamba amevunja kiapo. Padri alimnyima komunyo hadi Pasaka. "Ningekivunja wiki iliyotangulia," aliniambia miaka mingi baadaye, "ningenyimwa komunyo ile ile, na mtoto angekwenda shule."

Januari ilipita. Pasaka, Anjela aliolewa na mgane mmoja mwenye shamba karibu na Himo, mtu mzima, mwenye watoto wawili. Hakuwa mkatili. Sanduku la bati lilikwenda naye, jina likiwa limebanwa vile vile pembeni. Mimi ndiye niliyekwenda kwa masista, miaka mitano baadaye. Nilikuwa na barua nzuri ya mwenendo mwema.

Hapo ndipo nilipopata kusoma sana, na kupiga taipu, na kutoka hapo kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Moshi, Mwingereza akiwa anakaribia kufunga virago bila yeye mwenyewe kujua. Nilipanga chumba Rau, kwa Bi Zuhura, mjane wa fundi cherehani. Binti yake alivunja ungo nikiwa pale. Nyumba ilijaa wanawake, somo wake akaja na kanga mpya, akamfungia mlango siku saba, na nje tukapikiwa pilau. Mtoto alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. "Vipi, mwenzetu unalia?" Bi Zuhura akaniuliza. Nilimwambia ni vitunguu. Kusema kweli nilikuwa namwonea wivu, si kwa ajili yangu.

Faili niliikuta siku tulipoambiwa tupange za zamani kwenye makasha. Ilikuwa na karatasi kumi na moja, barua za karani wa baraza la kwetu na majibu ya Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, kuhusu ncha moja ya ubao iliyopasuka. Karani alitaka ijulikane kwamba ubao uliazimwa ukiwa mzima. Bwana Shauri alijibu kwamba jambo linaangaliwa. Karani alikumbusha kwa heshima. Bwana Shauri aliuliza ni ubao gani. Karani alituma mchoro. Mchoro ulikuwa mzuri. Barua ya mwisho ilisema kwamba, baada ya kufikiri sana, serikali inakubali kutoa ubao mpya, wala jambo hili lisifanywe mfano kwa mbao nyingine. Karatasi kumi na moja, nami nilizisoma nimesimama, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikatafuta kiti.

Jumapili nilishuka Himo. Anjela alikuwa uani anamenya ndizi, na bintiye mkubwa, wa miaka kumi na miwili, akichambua mboga pembeni. Nilimweleza yote, nikimnong'oneza kwa sababu ya mtoto.

"Sema kwa sauti," alisema. "Huyu anajua. Nilimwambia alipotimiza kumi. Na wa jirani nimewaambia, mama zao wanaponikasirikia nawakaribisha wakae wasikilize."

Nikasema kwa sauti. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo ubao wao waliupata," alisema mwishoni.

"Walipewa mpya."

"Mpya kabisa?"

"Mpya."

Alicheka kwa pua, mara moja. Nilimwambia, "Dada, nisamehe," na sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo. Alimenya ndizi mbili nzima kabla hajajibu.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Wao walikuwa na mingapi? Lete sufuria."

Nilileta. Hakusema amenisamehe, na mimi sikurudia kuuliza. Faili niliirudisha katika kasha, ikapelekwa huko faili zinakopelekwa, na naamini bado ipo, kavu na salama kuliko watu wengi ninaowajua. Katika karatasi zile hakuna jina la msichana, wala mbuzi, wala shule. Kwa hiyo naandika hapa.

Karatasi zilisema hivi: Bwana Shauri alikuwa aje kuupima mto, na karani hakutaka alowe viatu akivuka mfongo. Jumatatu mchana matarishi wawili kutoka mjini waliutoa ubao kivukoni, wakaubeba hadi juu, wakalala huko, na alfajiri ya Jumanne wakaziba nao mdomo wa mfongo. Gari la Bwana Shauri liliharibika njiani; alifika Alhamisi, akapima kwa muda wa saa moja, akaondoka, nao wakauzibua. Jumatatu jioni, katikati ya hayo, dada yangu alivuka kwa miguu, kwa sababu ubao haukuwepo. Wazee waliuliza ni nani, nami nikamtaja.